Diski Zilizopakwa Liwa

Wiki iliyopita wengi mlinihurumia. Leo nawaomba msome mpaka mwisho kabla ya kunihurumia tena.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaingia: mimi ni Poongodi, mlinzi wa kompyuta katika kiwanda cha kutia rangi vitambaa hapa Erode, kando ya mto Kaveri. Langoni yupo mlinzi mwingine mwenye rungu. Mimi nalinda kilichomo ndani ya mashine, na kikubwa kuliko vyote ni mapishi ya rangi. Kila rangi ina pishi lake: dawa ipi, kiasi gani, moto wa namna gani, kwa muda gani. Bila mapishi hayo kitambaa cha leo hakifanani na cha mwezi jana, na mteja hakitaki.

Niliwaeleza jinsi Tajiri Nachimuthu alivyomwoza binti yake kwa kijana mmoja anayeitwa Loganathan, akamtafutia kiti cha kukalia, akaona changu kinamtosha. Loganathan alisomea ulinzi wa mtandao hotelini, mwisho wa juma mmoja, chakula juu yao. Akarudi na cheti chenye fremu ya dhahabu. Mimi nikawa msaidizi wake. Kiwanda kizima tunamwita Bwana Mkwe, naye anadhani tunamheshimu.

Tukaishia pale aliponiambia kwamba ulinzi ni kujiamini. Basi mwone kujiamini kulivyotufikisha.

Kabla yake nilikuwa na sheria moja ambayo mtoto wa darasa la tatu angeielewa. Mapishi yawe na nakala kwenye diski tatu. Moja ikae chumba cha mashine, ya pili kabatini ofisini, ya tatu nje kabisa ya kiwanda. Zisichomekwe pamoja hata mara moja, kwa sababu mwizi anayepita kwenye mtandao hana njia ya kuifikia diski iliyolala kabatini bila waya.

Tajiri aliikubali sheria hiyo mpaka mwaka jana, pishi la kijani chetu cha mpunga lilipozukia kwa mshindani wetu ng'ambo ya mto. Mtunza stoo alishukiwa, akafukuzwa huku analia. Tajiri akasimama langoni akatangaza: atakayetoa pishi nje ya ukuta huu, kwa karatasi au kwa diski, nitamkabidhi polisi kwa mkono wangu mwenyewe. Diski ya tatu ikaamriwa irudi ndani.

Ikaja sikukuu ya kuombea vyombo vya kazi. Siku hiyo kila mtu huosha chombo chake, hukipaka liwa na unga mwekundu, hukiweka mbele ya Mama Saraswati, mungu wa elimu. Fundi na spana zake, dereva na lori lake. Wakishaomba, vyombo hupumzika, na hakuna anayevigusa mpaka saa njema ya kesho yake.

Bwana Mkwe akaja na maarifa mapya.

"Kila kitu cha kompyuta kiletwe meza moja," akasema. "Na zile diski zote tatu. Na zichomekwe."

"Zichomekwe kwa nini?"

"Taa zake ziwake, dada. Chombo kilichozimwa kitabarikiwaje? Ni sawa na kumpeleka mtu hekaluni amelala."

"Leo vyombo vinapumzika, bwana. Bibi yangu hakuwahi kuiombea cherehani huku inashona."

"Bibi yako hakuwa na seva."

Nikamwendea Tajiri. Alikuwa anachagua ndizi za sadaka, anazibinya moja moja.

"Tajiri, nakala zote zikikaa mezani na waya zake, hazitakuwa nakala tena. Akiingia mwizi anazoa zote kwa mkupuo."

"Mwizi gani anakuja siku ya sikukuu?"

"Ndiyo siku yao hiyo. Wanajua hakuna anayegusa mashine."

"Binti, mkwe wangu amesoma," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaenda kuleta diski.

Nilipofika ofisini nikamkuta Bwana Mkwe amekusanya makarani kuzunguka ile mashine kubwa iliyounganishwa na zote. Amepokea kadi ya sikukuu kwa barua pepe, picha ya Mama Saraswati amekaa na zeze lake, na chini yake pa kubonyeza ili wimbo ulie.

"Imetoka wapi?" nikauliza.

"Kwa wauza dawa wetu wa rangi."

"Jina lao haliandikwi hivyo. Na wale ni Wakristo, bwana. Lini walituletea kadi ya Saraswati?"

"Dada, sasa hata mungu unamshuku?"

Makarani wakacheka. Akabonyeza. Wimbo haukulia. Akabonyeza tena, akaita na karani mwenye vidole vyembamba amsaidie. Kimya.

"Kadi imegoma," akasema, akaenda kuvaa shuka yake ya hariri.

Alasiri tulisimama wote mbele ya meza. Kompyuta zimepangwa kama maharusi, kila moja na kitone chekundu kwenye paji la uso, diski mbele yao zinawaka vitaa, maua ya jasmini juu ya waya. Kuhani akaanza kusoma. Bwana Mkwe alifumba macho kwa unyenyekevu ambao hajawahi kuuonyesha mbele ya kazi.

Mimi sikufumba. Nikaona kwenye skrini majina ya mafaili yanabadilika mikia, zile herufi za mwisho. Moja, likifuatiwa na jingine, kisha kundi zima, haraka haraka. Naijua kazi ile. Mtu alikuwa ndani anafunga milango yetu kwa kufuli zake, na diski zote zilikuwa mezani zinamngoja.

Nikapiga hatua. Tajiri akanidaka mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Tunaibiwa sasa hivi, Tajiri. Niruhusu nichomoe waya mmoja tu."

"Vimeshatolewa kwa Mama. Havigusiki."

"Mama mwenyewe angekuwa mimi angechomoa."

"Nyamaza, utatuletea mkosi."

Bwana Mkwe akafumbua jicho moja, akaitazama skrini. "Hizo ni baraka zinaingia," akanong'ona. "Mashine inajisafisha. Tulifundishwa."

Hapa ndipo ningetakiwa kumsukuma mzee wa watu na kuvuta waya. Ningefukuzwa palepale, na kiwanda kingepona. Sikufanya. Nilisimama nimekunja mikono, nikaona mapishi yetu yote yanafungwa huku kuhani anazungusha moto wa kafuri. Halafu boga likapasuliwa langoni kuondoa husuda, nikapewa bisi za mchele na dengu kwenye jani, nikala. Niliona uchungu, lakini nilikula, tena nikaongeza.

Asubuhi saa njema ikafika. Tajiri akagusa mashine kwa vidole vyake, na skrini zote zikawaka nyekundu kwa pamoja. Wezi walianza kwa kututakia heri ya sikukuu. Kisha wakasema mafaili yetu wameyafunga, tulipe ndipo watufungulie.

"Hakuna neno," akasema Bwana Mkwe. "Tunazo nakala."

Akakagua diski ya kwanza, imefungwa. Ya pili, imefungwa. Ya tatu akaikuta tupu kabisa.

"Hii wameifuta yote," akasema. Mimi nikatazama sakafuni, kwa sababu mtakayoijua muda si mrefu.

Hapo angeweza kukaa kimya, lakini watu wa aina yake hawajui. Aliwaandikia wezi barua ya vitisho, akajitambulisha kwa cheo chake chote na kuwatajia cheti. Jibu lilirudi kabla hajanyanyuka kitini. Wamepandisha dai maradufu.

Huko chini kwenye mapipa ya rangi kazi ilikuwa imesimama. Mteja wetu wa Uholanzi alishapokea nusu ya mzigo wa rangi ya waridi, na nusu ya pili ilikuwa lazima ifanane nayo. Wafanyakazi, wanaume kwa wanawake, walikaa uani chini ya kamba tupu za kuanikia. Wale hulipwa kwa siku ya kazi. Siku isiyo na rangi haina kitu.

"Mzee Kuppusami anayo kichwani," mmoja akasema, na wote wakaitikia. Mzee Kuppusami ndiye mpishi mkuu wa rangi, mvi mpaka nyusi. Ikawa furaha. Akaletwa kwenye pipa kama bwana harusi. Akanusa mvuke, akatia hiki, akaongeza kile, akakoroga, watu wamekaa kimya wanamtazama. Kitambaa kikatoka na rangi ya ini lililochemshwa.

"Hii ni waridi, Mzee?" Tajiri akauliza.

"Tangu kompyuta zije nasoma kwenye skrini kama nyinyi," akasema mzee, anajifuta mikono. "Mlidhani nalala na mapishi kitandani?"

Basi, kilichobaki kilikuwa kutafuta wa kubebeshwa lawama, na kwa kazi hiyo Bwana Mkwe ana kipaji.

Tuliitwa ofisini. Akasimama chini ya cheti chake.

"Wezi wa namna hii hawaingii bila mtu wa ndani," akasema. "Tujiulize, nani alisema tutaibiwa kabla hatujaibiwa? Nani alisema wanakuja siku ya sikukuu? Nani alinyoosha mkono kwenye mashine katikati ya sala? Anayeujua ugonjwa kabla haujaingia ndiye aliyeuleta."

Nikamtazama, nikadhani anatania.

"Na yule daktari anayekuambia usinywe maji machafu," nikamwuliza, "ukiumwa tumbo unamshtaki?"

"Mmeona? Amejitayarisha na majibu."

Tajiri alikuwa amekaa ameinama. Asubuhi moja ilikuwa imemzeesha, na kwa hilo nilimwonea huruma, ingawa hakustahili.

"Poongodi," akasema, "jioni nawaita polisi wa mitandao. Kama unalo la kusema, lilete kabla yao. Kazi yako imekaa hapa," akagonga meza, "na jina lako pia."

Miaka yote ile nimewalindia nyumba, na siku paa linapowaka wananitafutia mimi kiberiti mfukoni. Nikaondoka bila kuaga.

Sasa niwaambie la diski ya tatu.

Ile iliyokaa mezani haikufutwa na mwizi yeyote. Ilikuwa tupu tangu dukani. Yenyewe hasa, yenye mapishi yote, ilikuwa nyumbani kwangu ndani ya debe la mchele. Tajiri alipoamuru irudi kiwandani mwaka jana, nilirudisha diski mpya inayofanana nayo na kuiacha ya kweli palepale. Kila baada ya majuma machache nilikuwa naipeleka kwa siri kwenye mkoba, naongeza mapishi mapya, nairudisha. Sheria ya Tajiri niliiona ya kipumbavu, na sheria ya kipumbavu siifuati, naizunguka. Siku ya sikukuu nilimpa Mama Saraswati sanduku tupu, tena nikalipaka liwa nyingi kuliko mengine yote.

Nilifika nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Mume wangu Saktivel, dalali wa vitambaa sokoni, alikuwa anakula wali na mchuzi wa dengu. Nikapita moja kwa moja kwenye debe.

"Mama Nila, vipi?" akaniuliza. "Mbona mapema?"

"Wamenigeuza mwizi. Nakwenda kuwaonyesha mwizi alivyo."

Nina kompyuta kuukuu ambayo haijawahi kuguswa na mtandao. Nikachomeka diski, nikafungua. Mapishi yapo, yote, waridi na buluu za kila namna. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikaanza kuyapitia moja moja kama mtu anayehesabu watoto baada ya mafuriko.

Nikafika kwenye kijani cha mpunga. Kompyuta huandika pembeni siku faili lilipofunguliwa mara ya mwisho. Siku iliyoandikwa pale nilikuwa safarini Madurai, dada yangu anajifungua. Mwaka jana, majuma machache kabla kijani hicho hakijazukia ng'ambo ya mto.

Nyuma yangu sauti ya kula ilikuwa imekatika.

"Baba Nila, uliwahi kuifungua hii diski?"

"Diski gani?"

"Hiyo unayoitazama tangu niingie."

Akamimina maji, akanywa, akamimina tena.

"Walitaka rangi moja tu," akasema. "Moja, Mama Nila, katika maelfu. Walisema wakiipata watamwajiri mdogo wangu. Na wewe unajua alivyokuwa, kijana mzima anashinda amelala, mama analia kila siku."

"Mtunza stoo alifukuzwa kwa ajili ya rangi hiyo moja."

"Nilimsikitikia."

"Ulimsikitikia."

"Sikujua watamfukuza mtu. Nilidhani rangi ni rangi."

"Na nywila uliipata wapi?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Si ulinipa wewe. Ulisema ukifa barabarani lazima mtu mmoja aijue."

Nilisema. Mimi niliyewasimamisha makarani mstarini nikawafundisha kwamba nywila haitamkwi hata kwa mke wa ndoa, hata kwa mama mzazi, nilimpa mume wangu yangu tukiwa tumelala, kwa mapenzi. Mwaka mzima nimemcheka Bwana Mkwe kwa kubonyeza kila anachokiona. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nilikuwa naifua mwenyewe.

"Itupe Kaveri," Saktivel akasema. Alikuwa ameshanisogelea, ana wali mkononi bado. "Hakuna anayejua kama ipo."

"Na watu waliokaa uani?"

"Watapata kazi kwingine. Erode haikosi mapipa ya rangi."

"Na mimi? Jioni naletewa polisi."

"Hawana kitu juu yako. Maneno ya yule juha tu, polisi watamcheka. Lakini ukiibeba hiyo, Mama Nila, unawapelekea kitu. Watauliza ilikuwa wapi. Wakitazama kama ulivyotazama wewe, kuna wawili tu nyumba hii wanaojua kuifungua. Mmoja wetu analala ndani."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini huyu alikuwa amekula mwenyewe mwaka mzima na sasa ananisogezea sahani.

"Kaa ule," nikamwambia. "Wali unapoa."

Nikaifunga diski kwenye kitambaa, nikatoka.

Mtauliza kwa nini sikuifuta ile alama. Ningeweza, si kazi ngumu kwangu. Mkidhani ni uadilifu mnanisifia bure. Nilijiambia hakuna haja. Tajiri hajui hata pa kuwashia kompyuta. Bwana Mkwe amefundishwa hotelini, na sidhani kama alisikiliza lolote kati ya chai na chakula. Nani pale atatazama tarehe? Nitarudisha mapishi, mapipa yatachemka, nitalala nyumbani, na habari ya Saktivel nitaimaliza mwenyewe ndani ya kuta zangu. Nilimdharau mtu mpaka nikaitegemea dharau yangu kama ukuta.

Nikaiweka diski mbele ya Tajiri.

"Ni nini hii?"

"Diski ya tatu. Ile ya mezani ilikuwa tupu, niliileta mimi. Hii imekaa kwangu."

Akasimama taratibu. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Ulitoa mapishi nje ya ukuta wangu."

"Ndiyo, Tajiri."

"Nilisema nini langoni?"

"Ulisema utamkabidhi mtu polisi. Lakini ningekutii, leo usingekuwa na kitu cha kumshtakia mtu."

Akaitazama diski. Akanitazama mimi. Kutoka uani ilisikika sauti ya wanawake wanaofunga vyombo vyao vya chakula, wanajiandaa kwenda nyumbani.

"Mapishi yamo?"

"Yote."

"Na waridi?"

"Na waridi, Tajiri. Leo hii mnapika."

Akakaa. Mzee yule akafunika uso kwa viganja, na alipovitoa akaniita mwanangu, neno ambalo sijalisikia kwake tangu niajiriwe. Akamwamuru karani awaambie watu wasiondoke.

"Nisikilizeni," nikasema. "Hii ndiyo pekee iliyobaki duniani. Msiichomeke kwenye mashine yoyote ya humu, zote zina ugonjwa, ikigusa moja tu nayo inafungwa. Tuma mtu dukani alete kompyuta mpya kwenye boksi lake. Tuifungue kwa hiyo."

Mtu akatumwa na pikipiki. Chai ikaagizwa. Nilikuwa nimeshaanza kupumua pale Bwana Mkwe, aliyekuwa amenuna pembeni chini ya cheti, alipokohoa.

"Dada Poongodi, hii diski ilikuwa kwako mwaka jana?"

"Nimeshasema."

"Hata kijani cha mpunga kilipoibwa?"

Kikombe kikasimama mkononi mwangu.

"Maana faili huandika siku lilipofunguliwa," akaendelea, polepole, kama mtu anayekumbuka ndoto. "Siku ya mwisho. Tulifundishwa hotelini."

Jamani, tangu amwoe binti wa Tajiri hajawahi kuuliza swali la maana. Alikuwa ameliweka akiba moja tu, akalitoa siku ile.

Tajiri aliigeuza shingo yake nzima kunitazama. Upole wote wa lile neno mwanangu ulikuwa umemkauka usoni.

"Lilifunguliwa lini, Poongodi?"

Nikakitua kikombe mezani.

"Nimekuuliza. Na nani?"

"Ngoja kompyuta ije, Tajiri."

"Ya nini kungoja?" akasema Bwana Mkwe. Alikuwa ameshaichukua diski mezani, anaifungua kutoka kwenye kitambaa changu, anaipeleka kwenye mashine yake. "Hii yangu nimeiosha asubuhi. Haina kitu."

Najua alivyoiosha. Aliiondoa ile picha nyekundu ya wezi, akaweka picha ya harusi yake. Ugonjwa ulikuwa palepale, nyuma ya maua na meno yao, unangoja cha kula.

Hakuna mwingine chumbani aliyejua. Tajiri alikuwa amenikazia macho mimi, si mashine. Nikisema neno moja, diski inapona, waridi inapikwa, watu wa uani wanapata siku yao, na kompyuta mpya ikifika inasomwa tarehe ile mbele ya wote, na mimi natajwa mwizi au namtaja baba wa mtoto wangu. Nikinyamaza, kila kitu kinafungwa ndani ya dakika chache, na tarehe inafungwa humo humo. Saktivel atamaliza wali wake. Kiwanda ndiyo basi, na lawama yote itabaki kwa juha aliyeichomeka, ambaye kwa mara moja atakuwa amestahili.

Mlango ulikuwa wazi. Mzee Kuppusami alikuwa amesimama hapo na kipande cha kitambaa cheupe begani, tayari kwa pipa.

Bwana Mkwe akapiga magoti chini ya meza na waya mkononi, akapapasa nyuma ya mashine, hakuona pa kuingizia. Akachungulia kutoka chini, uso umemwiva, unga mwekundu wa jana bado uko kwenye paji lake.

"Dada Poongodi," akaniuliza, "ni tundu hili, siyo?"